Bunduki ikukae mkononi: mwongozo kamili wa kulinganisha sefti, magazini, kukoki na uzito

Bunduki zikitajwa hapa Mombasa maneno yote huenda kwa risasi, ati hii yapiga mbali, ile ina nguvu, na ni nadra usikie mtu akiuliza vidole vinafika wapi. Lakini ukishaingia renji (uwanja wa shabaha) kitu kitakachokusumbua ama kukupa raha mchana kutwa ni hicho hicho: sefti (kile kidude cha kuizuia isipige) iko upande gani, magazini (kisanduku cha risasi) inatoka vipi, unakoki (kuivuta iwe tayari kupiga) kwa mkono upi, na ukiishika begani dakika kadhaa mkono wa mbele unaanza kutetemeka saa ngapi. Bunduki mbili zinazotumia risasi ya aina moja zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa mkononi, na hilo hulijui kwa kusoma karatasi ya kiwanda, walijua kwa kuzishika zote mbili na kuzifanyisha kazi ile ile kwa mpangilio ule ule.

Mwongozo huu ni wa wenye leseni na wanachama wa klabu za shabaha, pia ndugu zetu walio kazini ambao leo wanapewa G3 kesho wanapewa AK na vidole vinatakiwa vijizoeshe vyenyewe. Kwa raia mambo yako wazi: Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka leseni hata kwa bunduki ya hewa, za kijeshi kama AK na G3 si za raia, na uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Kwa hivo raia wengi wa hapa watakachoshika ni .22 ya shabaha, ya risasi ndogo, ama raifo ya bolti, ile unayovuta na kusukuma bolti (chuma kinachoingiza risasi na kufunga nyuma yake) kwa mkono kila risasi. Hizo za kijeshi nazieleza pia manake mipangilio karibu yote ya siku hizi imetoka huko, na ukiielewa AR ya Wamarekani, AK ya Warusi na G3 ya Wajerumani basi bunduki yoyote utakayowekewa mezani utaijua ni ya ukoo gani.

Hatua ya 1: Itoe risasi, kwa mpangilio sahihi

Magazini itoke kwanza. Alafu koki, angalia chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho, alafu tia kidole uguse. Mpangilio huu usiugeuze hata siku moja, manake ukikoki magazini ikiwa bado ndani, ile risasi ya chemba itatoka kweli lakini bolti ikirudi itasukuma nyingine pale pale, na wewe ushaiona moja imeanguka chini moyo umetulia kumbe iko nyengine ndani.

Kila bunduki ina njia yake ya kukaa wazi. AR unavuta nyuma mkono wa kukokea (kile chuma cha kuvutia bolti) huku unabonyeza sehemu ya chini ya kile kidude cha kushikia bolti upande wa kushoto, inakaa wazi. G3 unavuta mkono wake wa kukokea, ulio mbele, unaupandisha kwenye pengo lake, unakaa. AK haina kitu cha kuishikilia, kwa hivo lazima uvute na ushikilie mwenyewe kwa mkono huku unachungulia. Raifo ya bolti ndo rahisi kuliko zote, vuta bolti itoke nje kabisa uiweke mezani, hapo hata mtu aliye mbali anaona bunduki haina kitu. Za .22 zenye bomba la risasi chini ya mtutu kuwa mwangalifu zaidi, risasi moja hupenda kubakia ndani ya bomba.

Kazi zote zinazofuata zifanywe mtutu ukielekea tuta la mchanga, msimamizi wa renji akijua unafanya nini, na risasi halisi zisiwe kwenye meza hiyo. Ukitaka kujaribu kulisha tumia risasi bandia.

Hatua ya 2: Kitako kwanza, vidude baadaye

Watu wengi huanza na sefti, mi naona wanaanzia katikati. Kidole gumba chako kufika ama kutofika kwenye sefti kunategemea mkono umekaa wapi, na mkono kukaa wapi kunategemea kitako kina urefu gani. Kunja kiwiko nyuzi tisini, weka kitako ndani ya kiwiko, lala bunduki juu ya mkono, angalia kidole cha shahada. Kikikaa kwenye triga bila kunyoosha wala kujikunja, urefu uko sawa. Ni kipimo cha haraka tu, kipimo cha kweli ni ukiipandisha begani macho yamefungwa, ukifungua ukute saiti (vile vya kulengea) ziko mbele ya jicho bila kuisogeza shingo.

Kitako cha AK cha kawaida ni kifupi, mtu mrefu atajikuta amejikunja. AR ya siku hizi ina kitako cha kuvuta na kusukuma, unakipanga kwa sekunde. Hata Lee-Enfield za zamani, zile walizobeba askari wa King's African Rifles wakati wa mkoloni, vitako vyake vilitengenezwa kwa saizi tofauti tofauti, kwa hivo hili jambo si la jana. Kama unalinganisha bunduki mbili na moja kitako chake chapangika na nyingine hakipangiki, panga ile ya kwanza ikutoshe vizuri kabla hujasema lolote kuhusu sefti yake.

Hatua ya 3: Sefti

Hapa tukae kidogo, manake hapa ndo bunduki zinatofautiana sana na hapa ndo mazoea ya bunduki moja yanakuletea hatari kwenye nyengine.

AR, ile ya Eugene Stoner ya mwisho wa miaka ya 1950, sefti yake ni leva ndogo upande wa kushoto juu ya kishikio, kidole gumba cha mkono wa kulia kinaisukuma chini robo duara, mkono haujatoka mahali pake hata kidogo. Ndo maana bunduki nyingi zilizokuja baadaye zimeiga. Kitu kimoja ukijue unapojaribu: AR ikiwa nyundo imeshaanguka sefti haikubali kuingia, si mbovu, koki kwanza ndo itaingia.

AK ni dunia nyengine. Leva ndefu ya bati upande wa kulia, juu kabisa ni salama, na ikiwa juu inaziba lile pengo la mkono wa kukokea kwa hivo huwezi kuvuta bolti mpaka mwisho, na uchafu pia hauingii kirahisi. Ukishusha, kituo cha kwanza kwenye zile za kijeshi ni mfululizo, mpaka chini kabisa ndo moja moja. Soma tena hapo. Katikati ni mfululizo. Mtu aliyetoka kwenye bunduki ambayo kituo cha kwanza ni risasi moja akishusha AK kidogo tu akadhani amefika, hajafika anakodhani. Alafu ili kuifikia leva yenyewe mkono wa kulia lazima uachie kishikio, ama unyooshe kidole kama una vidole virefu, na ikishuka inalia tak! mtu wa pembeni anasikia. Waisraeli walipotengeneza Galil, iliyoingia jeshini mwao 1972, waliongeza leva ndogo ya kidole gumba upande wa kushoto, wakaacha ile ya kulia ikabaki, na Warusi wenyewe kwenye AK-12 wameipa leva kibati kidogo cha kukanyagia kidole.

G3 ya Heckler & Koch inarudi upande wa kushoto, kidole gumba, lakini leva iko mbali na kishikio, mwenye kiganja kidogo ataona gumba linahangaika hewani mpaka ageuze mkono. Na zile herufi, S, E, F, ni za Kijerumani: S ni salama, E ni moja moja, F ni mfululizo. Usizikisie kwa Kiingereza.

Sasa raifo za bolti, ambazo ndo wengi wetu tutashika. Mauser 98 ina kibawa nyuma ya bolti chenye vituo vitatu: kushoto yapiga, juu haipigi lakini bolti inafunguka, kulia haipigi na bolti imefungwa. Kile kituo cha katikati nakipenda sana, unatoa risasi sefti ikiwa imewekwa. Winchester 70 ina vituo vitatu pia. Remington 700 ina viwili, na zile zilizotengenezwa kabla ya 1982 sefti ikiwekwa bolti inafungwa, maana yake ili utoe risasi lazima kwanza uondoe sefti, kwa hivo ukiletewa ya zamani fanya hivo mtutu ukiwa mahali salama na kidole mbali na triga.

Alafu kuna hii ya CZ, kampuni ya Wacheki. Za .22 za aina ya 452 na 455 sefti zake zinaenda kinyume na wengine: ukivuta nyuma yapiga, ukisukuma mbele ni salama. Waliponunua 457 watu wakakuta imegeuzwa, mbele yapiga kama kawaida ya wengine. Sura ni ile ile, kampuni ile ile, na ukiziweka 452 na 457 meza moja kidole chako kitafanya lile lile kwenye zote mbili na moja itakuwa imekosewa. Klabu yenye zote mbili ifunge utepe wa rangi kwenye moja, sioni aibu yoyote.

Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa 1964, haina leva, ina kitufe kinachopita ndani ya bunduki mbele ya triga, kutoka kulia kwenda kushoto ndo yapiga. Kidole cha shahada cha mtu wa kulia kinafanya kazi hiyo vizuri. Mashoto atalaani, tutamfikia.

Unapopima sefti yoyote fanya hivi: ipandishe begani, ondoa sefti, rudisha sefti, rudia mara kadhaa, na umwambie mwenzako akuangalie mkono wala si bunduki. Akiona kiganja kimeachana na kishikio andika. Akiona mtutu umechezacheza wakati gumba linafanya kazi, andika pia, manake sefti ngumu inatikisa bunduki nzima.

Hatua ya 4: Magazini

Kuna za kuingiza moja kwa moja na kuna za kuning'iniza. AR ni moja kwa moja: kitufe kiko upande wa kulia, kidole cha shahada kinabonyeza, magazini inaanguka yenyewe, mpya unasukuma juu mpaka ilie. AK na FAL (raifo ya kijeshi ya Wabelgiji) unaning'iniza pua ya mbele kwanza alafu unaizungusha nyuma mpaka ikamate, na kuitoa unasukuma leva iliyo nyuma ya magazini, kwa gumba la mkono ulioshika magazini yenyewe ama kwa magazini mpya uliyoshika. Watu husema ya AR ni bora kwa sababu ni haraka, na ni kweli ni haraka, lakini ya AK ukishaizungusha ikakamata hakuna shaka, unaihisi mkononi. Ya AR ikijazwa mpaka juu na bolti ikiwa imefungwa inakuwa ngumu kukamata, unadhani imeingia kumbe imekaa tu, risasi ya kwanza inalia, ya pili hakuna, magazini iko mchangani. Dawa yake ni kusukuma kisha kuvuta chini kidogo kila mara, iwe desturi.

G3 ina kitufe upande wa kulia ambacho kidole cha shahada cha watu wengi hakifiki bila kuhamisha mkono. Ruger 10/22 magazini yake ni ile ya kuzunguka, ya risasi 10, inakaa sawasawa na tumbo la bunduki, kwa hivo unabonyeza leva alafu huna pa kuishikia, lazima uikwangue kwa kucha. Kwa .22 ya shabaha si tatizo, hakuna anayekukimbiza.

Jaribu na magazini tupu alafu na iliyojaa risasi bandia. Tofauti ni kubwa na wengi hujaribu tupu tu.

Hatua ya 5: Kukoki

Maswali ni matatu: mkono wa kukokea uko upande gani, unacheza bunduki ikipiga ama umetulia, na je unaweza kukoki uso ukiwa bado kwenye kitako?

AR mkono wake uko nyuma kabisa juu, umbo la T, haujali wewe ni wa kulia ama mashoto na hauchezi bunduki ikipiga, lakini ukiuvuta lazima utoe uso, na ukilala chini na skopu (darubini ya kulengea) kubwa juu yake vidole vinabanana. AK uko kulia umeungana na bolti, kila risasi unaenda na kurudi, kwa hivo gumba lisikae njia yake, ila faida ni kwamba kitu kikikwama unausukuma na kuuvuta moja kwa moja, nguvu yako yafika kwenye bolti yenyewe. Galil waliukunja kuelekea juu ili mkono wowote uufikie, na Galil ACE wakauhamishia kushoto kabisa. FAL uko kushoto, unakoki kwa mkono wa kushoto mkono wa kulia ukiwa umekamata vile vile, na kwa mpangilio huu mmoja mi huipa FAL alama ya juu.

G3 inataka kuonwa. Kuna mzee jirani, mstaafu wa jeshi, akikueleza habari zake hufanya kwa mikono mitupu hivi: mkono wa kushoto unaenda mbele karibu na saiti, kidole kinafungua kile kishikio kilichokunjwa, anavuta nyuma mpaka kifuani, anapandisha juu kukiegesha, anatia magazini, alafu anainua kofi na kulipiga chini, pap, na bolti imeshafunga. Ukimwangalia unaelewa kwa nini waliozoea G3 wanaipenda, ingawa wa kwanza kuishika huona mkono ule uko mbali na mgumu, na kweli ni mgumu, mwenye mkono mfupi atalazimika kuishusha kutoka begani.

Kwenye raifo ya bolti pima nyuzi. Mauser bolti inainuka nyuzi 90, Tikka T3 nyuzi 70, Lee-Enfield na CZ 457 kama 60. Nyuzi chache maana yake kishikio hakigongani na skopu na mkono unasafiri kidogo, lakini mara nyingi pia ni ngumu zaidi kuinua kwa sababu kazi ile ile ya kuikaza springi inafanywa kwa safari fupi. Lee-Enfield inakwepa hilo kwa kukoki wakati wa kufunga badala ya kufungua, ndo sababu moja askari walikuwa wanaiendesha kwa kasi. Kipimo changu ni kimoja: lala chini, shavu kwenye kitako, inua, vuta, sukuma, shusha, na jicho lisitoke kwenye saiti. Kama bolti ikirudi nyuma inakufuata kwenye pua, kitako kimekuwa kifupi, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 6: Risasi zikiisha

Fupi tu. AR na FAL bolti inabaki wazi ukimaliza magazini, unajua mara moja. AK na G3 haibaki, unavuta triga unasikia tik, ndo unajua. Kama mazoezi yako ni kwenye AR ukapewa AK, zoea kuhesabu.

Hatua ya 7: Kwa mashoto

Kuna dada mmoja wa Tudor, mashoto, anapiga .22 ya bolti ya mtu wa kulia kwa sababu ndo iliyopo klabuni. Mwanzoni alikuwa akishapiga mkono wa kushoto unaachia kishikio, unapita juu ya skopu, unaikamata bolti upande wa pili, uso umetoka, kiwiko kimeinuka, na akirudi chini lazima aitafute shabaha upya. Sasa anaweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, mkono wa kushoto haubanduki kwenye kishikio, na ule wa kulia, ambao hauna kazi kwa kuwa mfuko ndo unaobeba, ndo unaoendesha bolti kutoka chini. Jicho halitoki. Akilala chini ana kasi kuliko wengi wa kulia, akisimama mambo yanarudi magumu kwa sababu mkono wa kulia ndo umebeba.

Kwa hivo mashoto akilinganisha bunduki aanze na swali la ganda la risasi iliyopigwa, linarukia wapi. Bunduki nyingi hutema kulia, mbele ya uso wake. AR ya jeshi la Marekani, kuanzia toleo la M16A2, iliongezewa kinundu nyuma ya tundu la kutemea ili ganda ligonge hapo liende pembeni. Zile ambazo magazini iko nyuma ya triga ndo za kuangaliwa sana: L85 ya Waingereza inatema kulia tu, na kwa bega la kushoto haipigiki, ganda na mkono wa kukokea vyote vinakuja usoni. Steyr AUG ya Austria waliliwazia hilo, unabadilisha bolti na kuhamisha kifuniko upande wa pili.

Alafu aangalie sefti. Leva ya AK, ajabu ni kwamba, mashoto wengine huifikia kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto bila taabu. Sefti ya AR ya upande mmoja ataifanya kwa kidole cha shahada pia, ama anunue ya pande mbili, zipo. Kitufe cha Ruger kitakuwa kinyume kwake.

Hatua ya 8: Uzito na mahali uzito ulipo

Namba zinasaidia kidogo. M16A1, ile AR ya jeshi, tupu ni kama kilo 2.9, AKM, toleo moja la AK, kama 3.1, FAL na G3 zimepita 4. Lakini kilo peke yake yadanganya. Laza bunduki juu ya kidole kimoja utafute pale inaposimama bila kuanguka: ikiwa chini ya magazini ama karibu nayo, itageuka upesi begani. Ikiwa mbele zaidi, itatulia ukisimama lakini itauchosha mkono wa kushoto. Zile za magazini nyuma zinakaa karibu na mwili, unaweza kuishikilia kwa mkono mmoja huku mwengine unafungua mlango, ila triga zake mara nyingi si safi manake imeunganishwa na nyundo kwa chuma kirefu.

Kwa shabaha tupu uzito ni rafiki. Bunduki ya hewa ya mashindano ya mita 10 inaruhusiwa kufika kilo 5.5 na wapigaji wengi hawaogopi kuongeza vyuma. G3 nzito vile vile husukuma bega taratibu zaidi kuliko ingekuwa nyepesi kwa risasi yake ile ya 7.62.

Ipandishe begani, tafuta shabaha, kaa hapo bila kupiga. Mwenzako aangalie ncha ya mtutu, na aandike ni baada ya muda gani imeanza kuchora duara. Fanya na nyengine baada ya kupumzika, si hapo hapo, la sivyo ya pili itaonekana mbaya bure.

Hatua ya 9: Jasho na chumvi ya hapa petu

Hili hulioni kwenye maandishi ya watu wa nchi za baridi. Msimu wa kaskazi ukiingia, Disemba mpaka Machi, ndani ya dakika kidogo viganja vimelowa, na leva iliyokuwa laini na tamu asubuhi inateleza. Jaribu kila kidude mikono ikiwa na maji, kwa makusudi, chovya kisha kung'uta. Kichwa cha bolti kilichong'arishwa kama kioo kitakuponyoka, chenye michoro hakiponyoki. Sefti ndogo ya duara itateleza, yenye meno itakamata. Kishikio cha plastiki laini vivyo hivyo.

Alafu chumvi. Upepo wa bahari haukusubiri uende ufukweni, ukiwa Nyali ama Bamburi chuma kilichopakwa rangi nyeusi ya kawaida kikiguswa na jasho usiku mmoja tu kinaanza vidoadoa, na mahali pa kwanza ni pale hasa vidole vinapogusa: kishikio cha bolti, leva ya sefti, kitufe cha magazini. Kutu ndani ya kitufe ndo inayofanya magazini igome kutoka, na mtu analaumu bunduki nzima. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuondoka renji, si ukifika nyumbani, na usiihifadhi ndani ya kasha lenye sponji manake sponji inakunywa unyevu na kukaa nao.

Kitako cha mbao kwenye unyevu huu kinavimba. Chukua karatasi ipitishe kati ya mtutu na mbao kutoka mbele mpaka karibu na chemba, kwa raifo ambayo mtutu wake umeachiwa huru. Ikikwama, mbao inagusa, na risasi zitahama mahali bila wewe kukosea. Jaribu tena msimu wa kusi mvua zikishika, majibu yanaweza kuwa tofauti.

Hatua ya 10: Zipitishe zote njia moja

Sasa ziweke bunduki zako mbili ama tatu mezani, zote tupu, zote umezipanga vitako. Mwenzako atataja kazi kwa sauti na wewe utafanya, macho yamefungwa: pandisha begani, ondoa sefti, rudisha sefti, toa magazini, tia magazini, ondoa sefti, koki, rudisha sefti, shusha. Maneno yale yale, mpangilio ule ule, kila bunduki. Yeye anaandika vitu vinne tu: mkono ulipotoka kwenye kishikio, uso ulipotoka kwenye kitako, mtutu ulipoondoka kwenye tuta, na pale uliposita ukitafuta kitu. Hilo la mwisho lina thamani kuliko yote, manake kusita ndo kidole kinauliza. Mtutu ukiondoka kwenye tuta simamisha zoezi, fungua macho, anza upya taratibu.

Usihukumu siku hiyo hiyo. Bunduki uliyoizoea itashinda mara ya kwanza kila wakati, kwa hivo rudia baada ya wiki mbili hivi, ukiwa umeipa ile ngeni mazoezi ya kutosha. Kama kusita kumepungua, lilikuwa ni geni tu. Kama mkono bado watoka kwenye kishikio, hilo ni umbo la bunduki na umbo la kiganja chako, mazoezi hayataondoa, hapo ndo utafute leva ndefu zaidi, kitako chengine, ama bunduki nyengine.

Na siku yoyote unapobadilisha bunduki, hata kama zote mbili wazijua, anza tupu. Ukitoka kwenye 452 ukaingia 457, ama umekabidhi G3 ukapewa AK, fanya sefti peke yake, yapiga, salama, yapiga, salama, ukitaja kwa sauti kila kituo, mpaka kidole kiache kubahatisha, ndo uombe risasi.